Usimcheke Mwanaume wa Baiskeli

Leo naanza na swali, na nakuomba ujibu kwa ukweli wa moyo wako, maana hapo ulipo hakuna anayekusikia. Kijana mliyeanza kuzoeana amekupigia simu, anataka mtoke jioni. Umeoga, umejipulizia marashi, umekaa sebuleni unasubiri kusikia honi. Badala ya honi unasikia kengele. Kijana kaja na baiskeli, na kwenye keria amefunga kitambaa kisafi ili gauni lako lisichafuke. Utapanda, au ghafla kichwa kitaanza kukuuma?

Wengi wenu kichwa kitauma, msinidanganye. Mimi ni mtoto wa Buhigwe, huko juu kwenye milima ya Kigoma inayopakana na Burundi, na kwetu kijana wa baiskeli anajulikana kwa jambo moja tu: bado hajanunua pikipiki. Binti akiletewa posa mbili, moja ya mwenye baiskeli na moja ya mwenye bodaboda, mashangazi hawahitaji kikao kirefu.

Sasa kaa vizuri nikuambie. Iko nchi ambako watu wa dunia nzima wanapanda ndege, wanahangaikia viza, wanalipia hoteli za bei mbaya, na moja ya mambo yanayowavuta ni kuona watu wakiendesha baiskeli kwenda kazini. Nchi hiyo ni Uholanzi. Na mimi nataka leo tujiulize, hivi hawa Waholanzi wana nini hasa kinachowafanya wageni wawapende namna hiyo?

BAISKELI MILIONI 23

Uholanzi ina watu wapatao milioni 18 na baiskeli zipatazo milioni 23. Yaani ukimgawia kila mtu ya kwake, hadi kichanga aliyezaliwa jana, bado nyingine zinabaki. Zaidi ya robo ya safari zote wanazofanya ni za baiskeli. Mjini Utrecht, chini kabisa ya stesheni ya treni, kuna maegesho ya baiskeli 12,500. Yalipokamilika mwaka 2019 yalikuwa makubwa kuliko yote duniani. Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 2010 hadi 2024, alizoeleka kuonekana akienda ofisini kwa baiskeli. Waziri mkuu, jamani! Kwetu diwani tu akionekana juu ya baiskeli, watu wataanza kunong'ona kwamba gari lake limechukuliwa na benki.

Utasema wenzetu wanabebwa na tambarare. Ni kweli. Kama robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, na kilele cha juu kabisa huko bara kwao, Vaalserberg, kina mita 322 tu. Sisi hata ukisimama ufukweni Ujiji, miguu ikiwa kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, tayari uko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na bado hujaanza kupanda kuja Buhigwe. Lakini wao wana mvua isiyo na adabu, na upepo wa usoni unaoweza kukurudisha ulikotoka. Wanaendesha hivyo hivyo. Mtoto akilalamika kwamba ataloa, wana msemo wao wa kumwambia kwamba yeye hakutengenezwa kwa sukari.

MAMBO MADOGO MADOGO

Ukikutana na msafiri aliyerudi Amsterdam, kwanza atakutajia yale makubwa. Atakwambia aliona michoro ya Rembrandt pale Rijksmuseum, na ya Van Gogh kwenye makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 1973. Atakusimulia nyumba aliyojificha binti Anne Frank wakati wa vita, ambayo ni makumbusho tangu mwaka 1960. Kama alikwenda kati ya Machi na Mei, atakuonyesha picha za bustani ya Keukenhof, ambako kila mwaka hupandwa vitunguu vya maua vipatavyo milioni 7. Atataja pia mifereji ya karne ya 17 iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2010. Hapo akikumbuka ataongeza kwamba majumba yale ya kando ya mifereji yana historia chungu, maana utajiri wa enzi hizo ulitokana pia na watumwa, jambo ambalo Mfalme Willem-Alexander aliliomba radhi Julai 2023.

Lakini mwache aendelee. Akishamaliza ya kwenye vitabu vya utalii, sura inabadilika, anaanza kutabasamu. Atakusimulia mama aliyemwona asubuhi amepakia watoto wawili kwenye sanduku la mbele la baiskeli, wa tatu nyuma, na mfuko wa mkate unaning'inia kwenye usukani. Atakusimulia nyumba za watu ambazo usiku mapazia yako wazi, ukipita barabarani unaona familia iko mezani inakula, na wala hawajali. Atakusimulia soko la mtaani la Albert Cuyp, samaki na jibini na nguo za bei poa, wauzaji wakipiga kelele kama wako Kariakoo. Na kama alikuwepo tarehe 27 Aprili, siku moja tu baada ya Sikukuu yetu ya Muungano, atakwambia alikuta mji mzima umevaa rangi ya chungwa kwa ajili ya Siku ya Mfalme, na watu wamepanga vyombo vyao vya zamani barabarani wanauza, hadi watoto wanauza midoli yao.

Waholanzi wana neno wanalolipenda sana, "gezellig". Ni ile raha ya kukaa mahali padogo na watu unaowapenda, taa haiwaki sana, kahawa ipo, hakuna anayetazama saa. Sisi hatuna neno moja la kulingana nalo, lakini jambo lenyewe tunalo. Kaa jikoni kwa bibi yako jioni, mvua inanyesha, mahindi yako kwenye makaa, mtu anasimulia ya zamani. Ndiyo hiyo hiyo.

Kwa hiyo mgeni kule anafurahia maisha ya kawaida ya wenyeji ambao hawana habari naye. Yule mama wa watoto watatu hakupanda baiskeli ili apigwe picha. Anawahi shule.

NA MAPENZI JE?

Najua mlikuwa mnasubiri hapa. Nina shosti wangu wa tangu sekondari, binti wa kwetu kabisa, ameolewa na Mholanzi, wanaishi Utrecht. Anasema mwanzoni nusura arudi nyumbani mara tatu.

Mara ya kwanza ni walipotoka kula kwa mara ya pili na huyo mume, wakati huo bado mchumba. Kesho yake simu ikalia. Akadhani ni ujumbe wa mahaba. Kumbe ni dai la nusu ya bili! Wenzetu wana programu ya simu inayoitwa Tikkie, ilianzishwa na benki mwaka 2016, kazi yake ni kumtumia mwenzako dai la mchango wake, hata kama ni wa kikombe kimoja cha kahawa. Shosti alilia. Kwetu mwanaume akikudai hela ya chipsi, uchumba umekufa hapo hapo.

Mara ya pili ni alipokwenda kumsalimia wifi yake bila kutoa taarifa. Wifi alifungua mlango, akatabasamu, akauliza, "Tuliahidiana leo?" Kule hata ndugu wa tumbo moja wanaandikiana kwenye kalenda.

Mara ya tatu ni alipompikia mumewe ugali wa muhogo na dagaa, akamuuliza chakula kikoje. Mume akajibu kwamba dagaa ni watamu ila ugali hajaupenda. Akasema tu, uso mkavu, akaendelea kula dagaa.

"Sasa hivi ningekuwa na mume anayesema kila kitu ni kitamu," shosti aliniambia, "ningejuaje siku kweli kimekuwa kitamu?" Na ile habari ya kuchangia bili, anasema imemfundisha kwamba hela yake ni yake na neno lake lina uzito ndani ya nyumba. Lakini habari ya kuweka miadi ili umwone wifi yako, hiyo ameikataa hadi leo. Nyumbani kwake mgeni anabisha hodi siku yoyote, na majirani wameshazoea, wanakuja bila kuulizwa. Eti wanasema kwake ndiko kwenye "gezellig" kuliko nyumba zote za mtaa ule.

Nami sikushauri umtumie mchumba wako dai la soda. Ila lile la kuambizana ukweli bila kununiana, mbona tunaweza kulichukua bure?

HAWAKUZALIWA HIVYO

Sasa turudi kwenye baiskeli, maana hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Usidhani Waholanzi wamekuwa hivi tangu enzi za Rembrandt. Baada ya Vita Kuu ya Pili walipata hela, wakanunua magari, na miji yao ikaanza kuwapisha wenye magari. Nyumba zilibomolewa ili barabara zipanuliwe, viwanja vya kupumzikia vikawa maegesho, na mwenye baiskeli akaonekana ni mtu aliyeachwa nyuma na maendeleo. Kama kwetu leo, sivyo?

Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300 nchini humo. Kati yao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakachoka. Likaanza vuguvugu lililopewa jina zito, "Stop de Kindermoord", maana yake acheni kuua watoto. Akina mama na akina baba walikwenda kufunga barabara, watoto wakacheza katikati ya lami huku magari yakisubiri. Mwishoni mwa mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaonja mji usio na honi. Mwaka 1975 waendesha baiskeli wakaanzisha chama chao, Fietsersbond, wakawa wanachora ramani za mahali pa hatari na kuwasumbua viongozi hadi njia za baiskeli zikajengwa. Siku hizi vifo vya barabarani kule ni chini ya 800 kwa mwaka, ingawa magari ni mengi mara kadhaa. Hawajamaliza tatizo, kwani katika miaka ya karibuni kundi kubwa la wanaokufa ni waendesha baiskeli, wengi wao wazee. Bado wanahangaika nalo.

MAMA MKWE ALIPOKUJA BUHIGWE

Mama mkwe wa shosti wangu ana miaka 68. Mwaka juzi alikuja kuwaona wakwe zake. Basi nyumbani kukawa na vikao. Baba wa shosti alishapanga kukodi gari, mkwe apelekwe Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, kisha Kigoma mjini apande boti kwenda Gombe kuwaona sokwe wa Jane Goodall. Yote yalifanyika, mama wa watu akafurahi. Lakini siku ya pili aliyokaa kijijini aliuliza kama anaweza kuazima baiskeli aende gulioni.

Nyumba nzima kimya.

"Mkwe wangu hapandi baiskeli hapa kwangu," mzee akasema. "Watu watasema tumeshindwa hata kumtafutia pikipiki."

Mama wa shosti naye akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watu watadhani mgeni kafilisika.

Shosti akatafsiri. Mama mkwe akacheka, akasema baba yake mzazi alizikwa na jeneza lake likasindikizwa na baiskeli, sasa yeye ataona aibu gani? Mwisho wa mambo akaazimwa Phoenix ya kijana wa jirani. Kwenye mteremko alikwenda vizuri, kwenye mlima akashuka akasukuma kama wanavyosukuma wote, na kila aliyekutana naye akasimama kumsalimia. Salamu za Kiha mnazijua, si za kupita mbio. Ni ndefu, na za kupiga makofi kwa heshima. Akajifunza kuitikia, akachelewa kufika gulioni kwa saa nzima, na jioni hakutaka kuzungumzia sokwe. Alitaka kuzungumzia zile salamu, na tangawizi aliyoinunua, na wale vijana waliofunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli hadi baiskeli yenyewe haionekani.

Sasa sisemi tusubiri mama wa Kiholanzi aje atuambie kwamba tuna thamani. Hapana. Nasema yule kijana wa mikungu ya ndizi alikuwepo kabla yake na bado yupo. Ndiye anayeshusha ndizi, maharage na madumu ya mawese kutoka vijijini. Kahawa yetu ya arabika nayo kuna mahali imesafiri kwenye keria kabla haijafika kwenye ghala, halafu meli, halafu pengine kikombe cha Mholanzi, maana wale ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani. Kijana huyo anasomesha wadogo zake kwa baiskeli. Na sisi tunamcheka.

LAMI IMEFIKA, JE NJIA YAKE IKO WAPI?

Kumcheka peke yake si hoja kubwa, atazoea. Hoja ni kwamba mtu tunayemwonea aibu, hatumwekei nafasi. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kuikopesha nchi yetu fedha za barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa zipatazo 260, na ile ya Mwandiga hadi Manyovu ilishakuwa na lami. Sisi tuliokua tukila vumbi na kukwama kwenye matope tunajua maana ya lami. Mjamzito anafika hospitali, maharage hayaozi njiani. Mungu abariki lami.

Ila lami huleta mwendo kasi, na milima yetu ina kona. Kwenye kona hiyo hiyo lipo lori, ipo bodaboda iliyobeba watatu, yupo mtoto wa shule, na yupo yule kijana na mikungu yake ya ndizi anayesukuma kwenda juu. Waholanzi walizika watoto zaidi ya 400 kwa mwaka mmoja ndipo wakashtuka. Sisi hatulazimiki kusubiri kuzika kwanza.

Kwa hiyo safari ijayo diwani akiitisha mkutano, msiulize tu habari za maji na umeme. Ulizeni pia: mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu wamewekewa pembeni pa kutosha? Mbele ya shule na gulio kuna matuta na alama? Na yule anayepanga bidhaa zake hadi juu ya njia ya watembea kwa miguu, nani atamwambia?

WAGENI NAO WANA KIASI

Neno la mwisho kwa ndugu zangu wenye ndoto za utalii. Nami ninazo. Naiona siku mtu anayekwenda Gombe atalala usiku mmoja au miwili Buhigwe au Kasulu, anywe kahawa pale pale ilikolimwa, aende gulioni. Lakini Amsterdam inatufundisha na upande wa pili. Wageni walizidi, wengine wakifuata bangi na ulevi tu, hadi wenyeji wakashindwa kulala. Desemba 2018 mji uliondoa zile herufi kubwa za "I amsterdam" zilizokuwa mbele ya Rijksmuseum kwa sababu zilikuwa zinajaza watu kupita kiasi. Mwaka 2023 ulitoa hadi matangazo ya kuwaambia vijana wa Uingereza wanaokuja kulewa wakae kwao, na mwaka 2024 ukaweka sheria kwamba hoteli mpya haijengwi mpaka nyingine ifungwe. Mji ule ulipendwa kwa sababu ya maisha ya wenyeji wake, na wageni walipoanza kuyaharibu maisha hayo, wenyeji wakasema basi.

Tuanze na sisi wenyewe, jamani. Soko liwe safi kwa ajili ya mama zetu wanaouza. Njia iwe salama kwa ajili ya watoto wetu wanaokwenda shule. Mgeni akija atakuta tunaishi vizuri, atafurahi, na asipokuja sisi tutakuwa tumeishi vizuri hivyo hivyo.

Na wewe binti unayejifanya kichwa kinauma, mwangalie kwanza huyo kijana. Anafanya kazi? Anakuheshimu? Anakwambia ukweli hata pale unapouma? Kama ni ndiyo, shika gauni lako vizuri lisiingie kwenye mnyororo, kaa upande upande, na mkifika kwenye mlima, shuka umsaidie kusukuma. Kama ni hapana, hata akija na gari, kaa nyumbani.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.